Suali kutoka Mkange: Kunyoa vizuri kwa wembe wa upande mmoja bila ya kujidhuru

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu Mtukufu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Sahaba zake.

Suali limetufikia kutoka kwa familia moja ya Mkange, upande wa Saadani huko Bagamoyo, ng'ambo tu ya bahari na Unguja, ambako wengi wetu hapa visiwani tuna jamaa. Kwa ufupi linasema hivi: Mjomba wetu amerudi kutoka Muscat na ametuletea mashine ya kunyolea ya chuma, yenye wembe wenye makali upande mmoja, ambao husukumwa ndani ya mashine kutoka kwenye kiboksi chake. Vijana wetu watatu wanaitumia kunyolea vichwa na shingo, na wote wametoka vipele. Nyumbani pia tuna mtoto ambaye wiki hii anatimiza siku saba. Je, mashine hii inafaa kwa Sunna zetu za kunyoa? Itumiwe vipi? Na inajuzu nyumba nzima kuitumia hiyo hiyo, na mtoto tukamnyolea nayo?

Jibu letu kwa muhtasari: mashine inafaa, tena ni nzuri kwa nywele za aina yetu. Vipele vinatokana zaidi na namna ya kunyoa kuliko chombo chenyewe. Ama wembe mmoja haufai kutumiwa na watu wawili wazima, seuze mtoto mchanga. Ufafanuzi ni huu ufuatao.

Nywele zipi zinanyolewa

Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Huraira (r.a.), na kutolewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametaja mambo matano kuwa ni katika maumbile safi ya mwanadamu: kutahiri, kunyoa nywele za sehemu za siri, kupunguza masharubu, kukata kucha na kunyofoa nywele za kwapa. Na Anas bin Malik (r.a.) amepokea kuwa waliwekewa muda katika mambo haya, kwamba yasiachwe kupindukia siku arubaini. Kwa hivyo hapana haja ya mtu kujinyoa kila siku mpaka ngozi ikachubuka kwa kudhani ndio ukamilifu wa usafi.

Asili ya kwapa ni kunyofoa. Lakini Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ametaja kisa cha Yunus bin Abdul-Aala alipoingia kwa Imamu Shafii na kumkuta kinyozi anamnyoa makwapa. Imamu alimweleza kuwa anajua Sunna ni kunyofoa, ila hawezi kustahamili maumivu yake. Tuzingatie hapo: Imamu wa madhehebu yetu hakuuacha usafi, wala hakujilazimisha maumivu. Alishika njia iliyofikisha lengo bila ya kumdhuru, na huo ndio msingi wa jibu letu lote.

Kichwa kukinyoa chote ni halali. Kilichokatazwa, kama alivyopokea Ibn Umar (r.a.), ni kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu nyengine. Vijana wanaopenda mitindo waliangalie hilo.

Ama ndevu, wanavyuoni wengi wameharamisha kuzinyoa, na kauli inayotegemewa kwa Mashafii waliokuja nyuma ni kuwa ni makuruhu. Kati ya kauli hizo mbili, aliyesalimika ni yule aliyeziacha. Na madaktari wa ngozi nao, anapowajia mtu mwenye vipele sugu vya ndevu, jambo la mwanzo wanalomshauri ni kuacha kuzinyoa. Hapa dini na tiba zimekutana.

Chombo chenyewe

Mwaka 1904 Mmarekani King Camp Gillette alipata hataza ya mashine yenye wembe mwembamba wa makali pande mbili, ule tunaoujua katika maduka yetu. Katika miaka ya 1920 Mmarekani mwengine, Jacob Schick, aliyekuwa ofisa wa jeshi, akabuni mashine ya aina mliyoletewa. Fikra yake aliitoa kwenye bunduki: kama risasi zinavyopangwa na kuingia moja baada ya moja, ndivyo nyembe zinavyopangwa ndani ya kiboksi na kusukumwa ndani ya mashine.

Wembe wake ni mfupi na mgumu, haupindiki kama ule mwembamba, ndio maana unatulia juu ya ngozi. Kuubadilisha, ulimi wa chuma wa kiboksi huingizwa ubavuni mwa kichwa cha mashine, kisha kile kitufe kikasukumwa mpaka mwisho. Wembe mpya unaingia, na wa zamani unatoka upande wa pili. Vidole havigusi makali, lakini wembe wa zamani huchupa ukaanguka. Fanyeni kazi hiyo juu ya kopo, na watoto wakae mbali.

Kwa nini vijana wametoka vipele

Nywele za wengi wetu ni za kipilipili, zinaota zikiwa zimejikunja. Unywele wa namna hiyo ukikatwa chini mno, ncha yake hubaki kali chini ya ngozi. Unapokua hujikunja na kuchoma ngozi kutoka ndani, na mwili unaupokea kama unavyoupokea mwiba: unavimba, unawasha, na wakati mwengine unatunga usaha. Mahali panapoumia sana ni shingoni na kisogoni.

Mashine za plastiki zenye nyembe mbili au tatu huongeza tatizo hili, kwa sababu wembe wa mwanzo huuvuta unywele, wa pili ukaukata, kisha kinachobaki kikarudi chini ya ngozi. Wembe mmoja haufanyi hivyo, isipokuwa mnyoaji ameukandamiza, ameivuta ngozi kwa nguvu, au amenyoa kinyume na nywele zinavyolala. Bila shaka vijana wa Mkange wamefanya moja katika hayo, au yote. Wametaka ngozi laini kama kioo, na ule ulaini wa mwisho ndio unaoleta vipele. Sharia haikuutaka. Imetaka nywele ziondoke na mwili ubaki salama.

Namna ya kunyoa

Kwanza, nywele zikiwa ndefu zipunguzwe kwa mkasi. Wembe haukuundwa kwa kufyeka.

Pili, lainisha nywele. Wakati mzuri ni baada ya kukoga, au baada ya kuweka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili tatu. Unywele uliorowa hukatika kwa wepesi. Kisha paka povu zito la sabuni au mafuta ya kunyolea. Tusinyoe kwa maji matupu.

Tatu, pitisha kidole ujue nywele zinalalia wapi. Shingoni huenda zikalalia juu upande mmoja na chini upande wa pili. Fuata zinavyolala.

Nne, laza kichwa cha mashine juu ya ngozi, kisha inua mkono kidogo kidogo mpaka uhisi wembe unakata, na ushikilie pembe hiyo. Vuta hatua fupi, kiasi cha upana wa vidole viwili, na uuache uzito wa mashine ufanye kazi. Mkono wako uongoze tu, usikandamize. Suuza mashine kila baada ya hatua chache.

Tano, pakibaki nywele, paka povu upya na upite mara ya pili kwa ubavu. Usinyoe kinyume, na usirudie mahali pakavu. Kilichobaki baada ya hapo kiache, hakiharibu usafi wala Sala.

Sita, suuza kwa maji baridi, kausha kwa kugusa bila ya kusugua, na ukitaka pitisha jiwe la shabu lililoroweshwa. Jiwe hilo pia liwe la mtu mmoja.

Saba, mwenye vipele sasa hivi apumzike kunyoa mahali hapo mpaka ngozi ipone. Asivitumbue. Vikitoa usaha au vikaanza kuacha makovu makubwa kisogoni, aende kituo cha afya.

Wembe ukianza kuvuta badala ya kukata, umekwisha. Hewa ya chumvi ya pwani yetu huharakisha kutu, basi baada ya kazi usuuzwe, upuliziwe na uwekwe pakavu, nje ya choo.

Wembe mmoja, mtu mmoja

Hili ndilo suali zito katika barua hii. Wembe, hata ukinyoa vizuri, huchubua ngozi michubuko ambayo jicho haliioni, na huondoka na damu. Kwa njia hiyo hupita virusi vya homa ya ini aina ya B na C, na pia virusi vya UKIMWI. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na mtu anaweza kuwa navyo miaka mingi bila ya kujua, mpaka ini liharibike. Watoto wa siku hizi huchanjwa dhidi yake katika chanjo zao za kawaida, lakini watu wazima wengi walizaliwa kabla chanjo hiyo haijaanza nchini.

Kwa hivyo baba na mtoto, au ndugu watatu, kupokezana wembe mmoja kwa hoja ya kuwa sisi ni damu moja, ni kujitia katika hatari ambayo dini imekataza. Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yako wazi kwamba mtu asijidhuru wala asimdhuru mwenziwe. Kuupangusa wembe kwa spiriti au kuuchovya kwenye maji ya dawa si jambo la kulitegemea. Na mashine yenyewe hubakiza povu na damu katika nafasi zake, hata wembe ukibadilishwa. Rai yetu ni kuwa mashine hiyo ishikwe na mmoja, na wengine wawe na zao, hata kama ni za wembe wa kawaida wa dukani. Hatua tulizozitaja ni zile zile.

Tutazame Hija. Mahujaji wanapotoka katika ihramu, vichwa kwa maelfu hunyolewa kwa siku moja, na mamlaka za Saudi Arabia zinawataka vinyozi watumie wembe mpya kwa kila mtu. Wakiweza wao katika msongamano ule, hatuna udhuru sisi majumbani mwetu. Na ukienda kwa kinyozi, taka wembe ufunguliwe mbele ya macho yako. Kuuliza si utovu wa adabu.

Mtoto wa siku saba

Kumnyoa mtoto siku ya saba, wa kiume au wa kike, ni Sunna kwa Mashafii, na nywele zake hupimwa ikatolewa sadaka uzito wake wa fedha. Sunna hii ifanywe, lakini kwa masharti. Mashine iliyokwishatumiwa na watu wazima isimguse mtoto. Utafutwe wembe mpya, na anyoe mtu mzima mzoefu, mchana penye mwangaza, mmoja akiwa amemshika mtoto kichwa. Nywele ziroweshwe kwa maji ya uvuguvugu, na katika utosi, ambapo mfupa haujafunga, mkono upite kwa wepesi kabisa au pakatwe kwa mkasi.

Kama mtoto ni mgonjwa, alizaliwa kabla ya wakati, au hapana mzoefu, basi kunyoa kucheleweshwe. Wapo wanavyuoni waliosema kuwa asiyeweza kunyoa akadirie uzito wa nywele na atoe sadaka yake. Hapana dhambi kwa aliyechelewa kwa kuchunga uhai wa mwanawe.

Masuali madogo yanayoulizwa sana

Aliyejikata, udhu wake haukutenguka kwa Mashafii. Damu ioshwe kwa kuwa ni najisi, na ile chache isiyokatika kwa urahisi inasamehewa. Kunyoa hakufunguzi saumu. Anayekusudia kuchinja udhuhiya, ni bora asinyoe wala asikate kucha tangu kuandama kwa Mfungotatu mpaka achinje. Na wembe uliokwisha usitupwe jaani wala ufukweni, wapo wanaookota na watoto wanaotembea bila ya viatu. Tieni katika kopo la bati lililotobolewa mwanya juu, na likijaa lifungwe na lizikwe.

Tunawanasihi ndugu zetu wa Mkange, na kila nyumba inayosoma haya, wafanye jambo moja leo: wahesabu walio nyumbani wanaonyoa, kisha wahesabu mashine. Idadi zikitofautiana, pengo hilo lijazwe kabla ya mtu mwengine kunyoa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Wabillahi taufiq.