Land Rover 109: Anza na Breki, Injini Itafuata

Meli ya MV Victoria iliundwa Glasgow, Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande, ikaunganishwa upya Kisumu na kuanza kazi Ziwa Victoria mwaka 1961. Mwaka 2014 ilisimama kwa uchakavu. Iliporudi majini 2020, ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, bodi lilikuwa lile lile la zamani lakini injini zilikuwa mpya, na kwa msafiri wa kutoka Mwanza kwenda Kemondo au Bukoba chombo ni kile kile alichokizoea. Kwa hiyo Mwanza tayari ina jibu la swali linalowagawa wapenzi wa magari ya zamani: je, kitu cha kale kikifungwa moyo mpya kinabaki kuwa chenyewe? Kinabaki. Ila meli ile haikubadilishwa injini peke yake. Mifumo mingine nayo ilifanyiwa kazi, ikajaribiwa majini kwanza, ndipo ikapakia watu. Hapo ndipo Land Rover nyingi za kanda hii zinapodhulumiwa. Zinapewa injini ya nguvu, zinaachiwa miguu ya uzee, na siku ya pili zinapakiwa abiria.

Nazungumzia hasa 109 stesheni wagoni ya Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Gari refu lililobeba maofisa, wamisionari, wauguzi na mabwana shamba kwenye vumbi la Usukumani kabla lami haijafika. Injini yake ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 ilitoa nguvu za farasi kama 70 tu ilipokuwa mpya. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho injini isiyo na tabo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa sababu hewa ni nyepesi. Ongeza kwamba gia ya mwisho imepangwa fupi, kiasi kwamba kwa kilomita 80 kwa saa injini huzunguka kama mara 2,900 kwa dakika ikipiga kelele na kunywa mafuta. Anayetaka gari hili lifanye kazi, lisiwe pambo la uani, ana haki ya kutafuta injini nyingine. Wengine hutamani 1HZ ya Land Cruiser, yenye silinda 6 na sentimita za ujazo 4,164. Ni injini imara sana, lakini ni ndefu na nzito kwa boneti ile, na uzito wote huo unaangukia springi za mbele. Binafsi naiona 3L ya Toyota Hiace kuwa chaguo la busara zaidi. Ina sentimita za ujazo 2,779, pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta, na kwa jinsi Hiace zilivyojaa katika mji huu fundi anayeijua hatafutwi mbali.

Sasa twende chini ya gari. Series III inakalia springi za majani mbele na nyuma, na breki zake zote nne ni za dramu. Springi hizo zikizeeka, majani huota kutu na kung'ang'aniana, upande mmoja unalala kuliko mwingine, na gari linaanza kuvuta kushoto au kulia dereva akikanyaga breki. Dawa ya mtaani ni kuongeza jani. Kwa mzigo inasaidia, lakini gari tupu linakuwa gumu kama kitanda cha mbao, linarukaruka kwenye changarawe yenye makunyanzi, na tairi iliyo hewani haiwezi kushika breki wala kutii usukani. Dawa bora ipo na haihitaji kukata chuma: springi za majani machache, mawili au matatu, manene katikati na membamba mwishoni, yasiyosuguana kwa urefu wake wote. Zinafungwa kwenye vikalio vile vile vya zamani, pamoja na shokapu mpya zinazolingana nazo na bushi mpya. Springi za koili ni nzuri zaidi. Kampuni yenyewe ilizihamia mwaka 1983 kwenye modeli ya 110, ikaweka na breki za diski mbele. Lakini kuzihamishia kwenye chesisi ya 109 ni kazi ya kuchomelea inayotaka vipimo vya uhakika, na kosa dogo la pembe hapo gari haliendi tena moja kwa moja.

Kuhusu breki, hesabu haina huruma. Nishati ya gari linalokwenda hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo wake, kwa hiyo kutoka kilomita 70 hadi 100 kwa saa breki hupewa kazi maradufu. Dramu zilezile, bitana zilezile, kazi mara mbili. Kuna jambo jingine linalosahaulika. Injini ya petroli hunyonya hewa kwa namna inayosaidia mguu wa dereva kupitia buster ya breki. Dizeli hainyonyi hivyo, na ndiyo maana dizeli nyingi za Toyota zina pampu ndogo ya kunyonya hewa iliyofungwa nyuma ya altaneta. Fundi akiirudisha altaneta ya zamani ili asihangaike na nyaya, gari litawaka vizuri na kuvuta vizuri, lakini breki itakuwa ngumu kama jiwe. Mwenye gari atagundua kasoro hiyo kwenye mteremko.

Mafundi wengi wana hoja ya fedha: mteja analipia injini kwa sababu ndiyo anayoisikia, springi na breki zitakuja kipato kikiruhusu. Naielewa, lakini igeuzwe. Breki nzuri kwenye injini dhaifu ni gari la polepole lililo salama, na linaweza kutumika hivyo mwaka mzima huku fedha ya injini ikitafutwa. Injini ya nguvu kwenye breki dhaifu haina mwaka wa kusubiri. Wapo pia wanaosema fedha zote hizo zingenunua gari la Japani lililotumika, na kwa anayeishi Nyegezi na kufanya kazi katikati ya mji wako sahihi kabisa. Kwa safari za Ukerewe au vijiji vya udongo mweusi wa mbuga mvua zikinyesha, hesabu inabadilika. Bodi la Land Rover ni la alumini, na maji ya ziwa letu hayana chumvi inayokula magari ya pwani. Adui ni tope linalojificha ndani ya chesisi ya chuma. Igongwe kwa nyundo kabla ya kununua hata boliti moja. Ikitoa sauti ya bati lililooza, mradi ufe hapo.

Watetezi wa uasilia nawaheshimu zaidi kuliko wanavyodhani. Maelfu ya watu walipofurika Arusha Oktoba 2024 kuzitazama Land Rover zilizokusanywa huko, mapenzi yale yalikuwa ya kweli, na gari lililobaki kamili na injini liliyozaliwa nayo liachwe lilivyo. Lakini hayo ni machache. Kwa yaliyobaki naomba jambo moja: kazi ifanywe kwa namna inayoweza kurudishwa. Chesisi isikatwe, injini ya zamani ipakwe grisi na kuhifadhiwa, na namba ya injini mpya iingizwe kwenye kadi ya gari kwa njia halali, kwa sababu kadi isiyolingana na injini ni mgogoro siku ya ajali na siku ya kuuza.

Mpaka Juni 19, 2025 gari la kwenda Sengerema na Geita kwa njia ya Kigongo lilisimama hapo kusubiri kivuko, na mle ndani ya foleni breki za 109 zilipata kupoa. Siku hiyo lilifunguliwa Daraja la JP Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hadi Busisi. Sasa Land Rover inatoka Usagara na kupita moja kwa moja katikati ya mabasi na malori, kwa mwendo wao, na dramu zake, kama hazikuguswa, ni zile zile za kiwandani.