Baraza na Akili za Mzee

Mtu apitaye Kariakoo wakati wa alasiri, mahali zilipobaki nyumba za zamani, huwaona wazee wameketi barazani wamelizunguka bao. Mashimo ni 32, kete ni 64, na watazamaji ni wengi kuliko wachezaji, kila mmoja akijiona fundi kumpita yule anayecheza. Kijana mwenye haraka zake huenda akasema kwamba wazee wale wanapoteza wakati. Katika mazungumzo haya twataka kueleza kwa nini madaktari hawakubaliani naye.

Ubongo una chembe nyingi mno, na chembe hizo hupelekeana habari kwa nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho. Njia itumiwayo mara kwa mara hudumu. Isiyotumiwa hufifia, kama njia ya shambani isiyopitwa na mtu. Basi kuzungumza na mwenzio ni kazi kubwa kuliko tudhanivyo. Sharti ukumbuke jina lake na habari za jana, usome uso wake, ufahamu mzaha wake, uchague neno la kumjibu, na haya yote kwa nukta chache tu. Mtu aliyeufanyiza ubongo wake kazi hii miaka mingi hujiwekea akiba, kama mkulima mwenye ghala: ukame ukija, yaani uzee na maradhi, humchukua muda mrefu zaidi kuishiwa.

Tena upweke hudhuru mwili wenyewe. Mpweke aghalabu huishi kama mlinzi wa zamu ya usiku, moyo hautulii wala usingizi haumshiki vema. Hali hiyo ikidumu, shinikizo la damu hupanda, na mishipa inayoulisha ubongo huharibika. Na liko jambo jepesi zaidi: mwenye majirani akianguka ataonekana, naye atapelekwa Amana au Mnazi Mmoja siku ile ile.

Haya hayakupatikana kwa kubahatisha. Mwaka 1938 wataalamu wa Chuo cha Harvard, Marekani, walianza kufuatilia maisha ya vijana, na hesabu yao yote ilikuwa wanaume 724, wengine wanafunzi wa chuo hicho na wengine watoto wa mitaa ya kimaskini ya Boston. Miaka ilipopita ilionekana kwamba waliofurahia mafungamano yao walipokuwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema walipofika 80. Mwaka 2010 wataalamu wengine wakajumlisha uchunguzi 148, wa watu zaidi ya 300,000, wakaona kwamba wenye mafungamano mema walikuwa na nafasi ya kusalia hai iliyozidi ya wapweke kwa kadiri ya nusu. Ni kweli mtu aweza kuuliza, kama katika habari ya kuku na yai, kipi kilichotangulia: je, upweke ulileta maradhi, au maradhi yaliyoanza kimya kimya ndiyo yaliyomtenga mtu? Swali hilo ni la haki, na yaelekea yote mawili hutokea.

Hapa Tanzania pia yako ya kusimulia. Mwaka 2010 watu wa wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, waliotimiza miaka 70 walipimwa, na katika kila 100 yapata 6 walikuwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Baadaye wagonjwa 34 wa huko walikusanywa katika vikundi vidogo, mara mbili kwa juma kwa majuma saba, wakazungumza habari za utoto na za vyakula na kucheza michezo pamoja. Hawakupona, maana maradhi hayo hayana dawa ya kuyaondoa, lakini akili zao zilichangamka na wasiwasi wao ukapungua.

Watu wa Kariakoo walilijua jambo hili kwa njia yao. Jina lenyewe latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliopiga kambi hapo baada ya Waingereza kuushika mji mwaka 1916. Wakazi walitoka makabila mengi, na wengi hawakuwa na jamaa mjini. Basi wakajifanyizia udugu. Vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi na vyeo vya kizungu, lakini pia vilisaidia wagonjwa na kuzika wafu. Ukatokea upatu wa kina mama, utani, na kisha ubishi wa Yanga na Simba ambao haujapata kwisha tangu miaka ya 1930. Ubishi wa namna hiyo haudhuru. Wale wa Harvard waliona kwamba hata mume na mke wanaogombana kila siku hawapungukiwi kumbukumbu, maadamu kila mmoja ana yakini kwamba mwenziwe hatamtupa.

Sasa nyumba zile zabomolewa, na mahali pake hupanda maghorofa, maduka chini na stoo juu. Mzee huhamishiwa Chanika au Mbagala, katika nyumba nzuri yenye ukuta na geti, wala hapiti mtu wa kumwamkia shikamoo. Wanawe wampenda, lakini hutoka alfajiri na kurudi usiku. Nyumba ya watu kumi yaweza kuwa na mpweke mmoja ndani yake.

Aliye na mzee kama huyo aanze na masikio yake. Wengi huacha baraza kwa kuwa hawasikii, nao huona haya kusema; pengine ni nta tu, ambayo mganga wa hospitali huitoa kwa muda mfupi. Kisha aulizwe ushauri wa mambo ya kweli, ya mahari na ya shamba, wala asifanywe mgeni nyumbani mwake. Na siku ya Ijumaa mjukuu ampandishe daladala, ampeleke akasali katika msikiti wake wa zamani, kisha wapite barazani kwa wenzake waliobaki. Akitaka kukaa hapo hata magharibi, asiharakishwe.