Nauli ya Reli na Mfuko wa Mwananchi

Kila shule zifungwapo, na kila mwezi wa Desemba ukaribiapo, mambo huwa yale yale. Watu humiminika stesheni na katika vituo vya mabasi, nauli hupandishwa kwa siri, na mwananchi mwenye watoto watatu humaliza akiba ya miezi kadha kabla hajauona mlango wa wazee wake. Leo twapenda kunena juu ya safari ndefu za reli, na jinsi mtu wa kipato kidogo awezavyo kuzifanya kwa fedha ndogo pasipo kuvunja sheria wala kumnyenyekea mtu.

Kwanza yafaa tuijue nauli yenyewe. Mwaka 2024 reli mpya ya umeme ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam, mwezi Juni hadi Morogoro na mwezi Julai hadi Dodoma. Mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, LATRA, iliidhinisha kwa daraja la kawaida kipimo cha shilingi 69.51 kwa kila kilomita kwa mtu mzima. Hivyo kwenda Morogoro ikawa shilingi 13,000, na Dodoma, mwendo wa kilomita 444, shilingi 31,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 aliwekewa nusu, na aliye chini ya miaka 4 hakutozwa kitu. Basi mume na mke wenye mtoto wa miaka 8 na mwingine wa miaka 3 walihitaji yapata shilingi 77,500 kufika Dodoma. Asiyezijua hesabu hizi hutozwa nauli nne.

Wako wasomaji waliosikia kwamba huko Uingereza abiria huigawa safari moja katika tikiti mbili au tatu, akalipa pungufu kuliko mwenye tikiti moja. Habari hiyo ni kweli, maana kule bei ya kipande cha njia yaweza isilingane kabisa na urefu wake. Lakini nauli inapopimwa kwa kilomita, kama kwetu, hila hiyo haina faida. Vipande hujumlishwa vikawa safari ile ile. Hata kununua mapema, ambako kule hupunguza bei, kwetu kuna faida ya namna nyingine: humwokoa mtu na walanguzi.

Juu ya watu hao hatuneni kwa kusikia. Mwaka mmoja, katika stesheni moja tusiyoitaja, tulichelewa, tukaambiwa tikiti zimekwisha, na kijana mmoja mwenye adabu nyingi akatuuzia yake kwa nyongeza ya nusu nzima. Tulipofika mlangoni jina lililoandikwa halikuwa letu. Tulirudi nyumbani na mizigo yetu, na mwenye adabu hatukumwona tena. Anunue mtu kwa jina lake mwenyewe, dirishani au kwa simu, na kitambulisho chake akishike mkononi.

Tena nauli siyo gharama yote. Stesheni mpya ya Morogoro iko Kihonda, na ya Dodoma iko Mkonze, mbali na sokoni. Afikaye usiku atalipa bodaboda au teksi kwa bei ya mwenye chombo. Achague treni ifikayo mchana, na kama hana haraka aiache ile ya mwendo kasi, kwa kuwa bei yake huzidi.

Waendao Tabora, Mwanza au Kigoma wana reli ya zamani, ile waliyoianza Wajerumani mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914; tawi la Mwanza likaja mwaka 1928. Wakati wa ukoloni daraja la tatu lilikuwa ndilo la Mwafrika, apende asipende. Leo mtu huchagua, na kijana mwenye afya hana aibu kulichagua. Lakini kwa mzee au mama mwenye kitoto twaona daraja la pili si anasa: atakayeshuka na homa baada ya kukesha ameketi wima hakuokoa kitu. Chakula kifungwe nyumbani, hasa cha siku ya kwanza. Kuku wa Saranda wanajulikana nchi nzima, nasi hatumkatazi mtu, ila ajue kwamba treni ikipiga honi bei haijadiliwi tena.

Liko jambo moja ambalo haturidhiki nalo. Nusu nauli iliishia miaka 12. Mwanafunzi wa sekondari wa miaka 15, asomaye bweni mbali na kwao na asiye na senti ya kwake, akahesabiwa sawa na bwana mwenye mshahara. Reli hii imejengwa kwa kodi na kwa mikopo ambayo mkulima, baba wa mtoto huyo, atailipa pia. Twaliomba Shirika la Reli, pamoja na LATRA, wamfikirie mwanafunzi mwenye barua ya shule yake, japo kwa majuma yale ya kufunga na kufungua shule. Nao walimu wakuu wasingoje siku ya mwisho. Wapeleke stesheni majina ya watoto mapema, ili nafasi ziwekwe kabla mlanguzi hajazifikia.