Papai la GMO: Kirusi Kilichomaliza Mashamba Ndicho Kilitumika Kuyaokoa

Manze, ukitaka kuwasha moto kwenye WhatsApp ya familia yenu, andika tu herufi tatu: GMO. Anko ataingia na kansa, shosh ataingia na Biblia, na yule binamu wa campus atatuma voisinoti ya dakika saba. Tangu Kenya ipige marufuku kuingiza vyakula vya GMO nchini Novemba 2012, ikaondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, na kesi zikafuata kortini, kelele hazijaisha. Lakini uliza swali moja rahisi, "Ni nini hasa kiliwekwa ndani ya hicho chakula?", uone vile kikao kitanyamaza.

Leo wacha nikupeleke Hawaii, visiwa vya Marekani katikati ya Bahari ya Pasifiki. Kuna papai huko lenye jibu poa la hilo swali.

Ugonjwa usio na dawa

Kuna kirusi kinachowinda mipapai. Mti ukikishika, majani yanageuka manjano na kujikunja, mti unadumaa, na tunda linajaa madoa ya mviringo kama pete. Kinabebwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Kidukari anaonja mti mgonjwa, anarukia mzima, anaonja tena, na stori imeisha. Hata ukipiga dawa ya wadudu, kitakuwa kishaingia. Na mti ukishaambukizwa hakuna tiba, ni panga tu.

Wakulima wa Hawaii walikuwa wameshamhepa huyu adui mara moja. Alipowamaliza kisiwani Oahu miaka ya 1950, walihamia wilaya ya Puna, kwenye kisiwa kingine. Huko wakaomoka. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990, karibu asilimia 95 ya mapapai ya Hawaii yalitoka Puna.

Mei 1992 kirusi kikapatikana Puna. Watu walikata miti wakijaribu kukizuia, lakini wapi. Mwaka huo Puna ilivuna kama kilo milioni 24. Kufika 1998, mavuno yalikuwa yameshuka hadi kama nusu. Na safari hii hakukuwa na mahali pengine pa kuhepea. Kwa mkulima mwenye familia na deni, hiyo si sayansi. Hiyo ni noma.

Msee wa nyumbani

Hapa ndipo anaingia Dennis Gonsalves, mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliyezaliwa Hawaii na kufanya kazi Chuo Kikuu cha Cornell, New York. Yeye na wenzake walikuwa wameanza kutafuta suluhisho tangu miaka ya 1980, kabla kirusi hakijabisha hodi Puna.

Kirusi hicho huvaa ganda la protini. Walichukua jeni inayotengeneza hilo ganda, wakaipaka kwenye chembe ndogo sana za metali, kisha wakazifyatua ndani ya seli za mpapai kwa kifaa kinachoitwa bunduki ya jeni. Eeh, bunduki kweli. Seli chache zilizoipokea zikakuzwa hadi zikawa miti.

Sasa elewa hii vizuri. Mmea una kinga yake ya kukatakata ujumbe wa kijeni wa virusi, shida ni kwamba huwa inachelewa. Ukishaweka kipande cha kirusi ndani mapema, ni kama soja wa geti kuachiwa picha ya mwizi. Mwizi akitokea, anashikwa kabla hajafika kwa ngazi.

Na hicho kipande kimoja hakiwezi kuleta ugonjwa. Tena kirusi chenyewe huumiza mimea, si watu. Wenyeji waliokula mapapai yenye madoa walikuwa tayari wanakula kirusi kizima, ganda na yote.

Mwaka 1995 miti hiyo ilipandwa Puna kwa majaribio, katikati ya ugonjwa. Ukicheki picha zilizopigwa kutoka juu, unaona kipande cha shamba cha kijani kibichi, na kando yake mipapai ya kawaida ikiwa manjano, imenyauka. Baada ya leseni kupatikana kutoka kwa wenye haki za teknolojia, wakulima walipewa mbegu bure mwaka 1998. Kulikuwa na SunUp, yenye nyama nyekundu, na Rainbow, ya manjano, iliyozaliwa kwa kuchanganya SunUp na Kapoho, papai ambalo wakulima wa Puna walikuwa wamelizoea.

Lakini si wote walipiga sherehe

Japani, mteja mkubwa wa mapapai ya Hawaii, haikufungulia Rainbow mlango hadi 2011. Miaka 13 unavuna, na soko lako la maana limefungwa! Wakulima wanaouza mapapai yasiyo ya GMO nao walilalamika kwamba chavua ya jirani ilikuwa inaingia kwa mbegu zao. Na kinga yenyewe imeshonwa kwa kipimo cha kirusi cha Hawaii. Aina za kirusi kutoka kwingine, kama Taiwan, zinaweza kuipita. Kwa hivyo usidhani ukibeba hiyo mbegu hadi shamba la mzae wako ushago umemaliza kazi.

Ndiyo maana kusema tu "GMO ni sumu" au "GMO ni mwokozi" hakutoshi. Kila mmea una stori yake. Kwa hivyo vita ikianza tena kwenye group ya familia, uliza maswali matatu. Ni jeni gani imewekwa, na inafanya nini? Mbegu ni ya nani, na mkulima anaipata kwa bei gani? Akishavuna, nani atanunua?

Anko akijibu yote matatu, msikilize.