Laptopu mpya, simu ile ile: hamisha data zako bila kupoteza kitu

Umepata laptopu mpya, na ile ya zamani tayari ina mteja. Unachomeka simu kwenye mashine mpya, unabonyeza "ndiyo" kwa kila swali linalotokea, halafu nyimbo zako zote hazipo. Kumetokea nini?

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunachanganya vitu viwili: nakala rudufu na kulandanisha. Nakala rudufu, au bakapu kama tulivyozoea kuiita, ni hali ya simu yako ya siku fulani, imehifadhiwa pembeni. Ukifuta kitu kwenye simu leo, nakala ya jana haiguswi. Kulandanisha ni kuzifanya pande mbili zifanane. Ukifuta huku, na kule kunafutika.

Chukua mfano wa iPhone. Nyimbo na filamu ulizoziweka kwa kulandanisha zimefungamana na maktaba ya kompyuta moja. Ukiipeleka simu kwenye kompyuta nyingine na kuanza kulandanisha, utaulizwa kama zilizopo zifutwe, ziwekwe za maktaba mpya. Sasa maktaba mpya ina nini? Haina kitu! Ukikubali, simu inatii tu.

Kwa Android hatari iko kwingine. Simu nyingi zikichomekwa hazifunguki kama flashi. Kompyuta inaiomba simu faili moja baada ya jingine, kwa utaratibu uitwao MTP. Ukichagua "kata" badala ya "nakili" na waya ukalegea katikati, unaweza kubaki na faili nusu. Kwa hiyo shika mpangilio huu: nakili, hakiki, ndipo ufute.

Utahakikije? Kwanza linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wa folda. Ila ukubwa kufanana hauthibitishi kwamba yaliyomo ni yale yale. Kwa mambo ya maana, mfano rekodi za mahojiano ya utafiti, tumia alama ya SHA-256. Hii ni hesabu inayosoma faili zima na kutoa alama ya herufi na tarakimu 64. Ikibadilika hata biti moja ndani ya faili, alama inakuja tofauti kabisa. Funga folda yako iwe faili moja la zip kwenye laptopu ya zamani, linakili kwenye mpya, kisha andika amri hii kwenye Windows ya kila mashine:

certutil -hashfile picha.zip SHA256

Kwenye Mac amri ni shasum -a 256 picha.zip. Alama zikifanana, nakala imefika salama. Zisipofanana, rudia kunakili.

Angalizo kuhusu WhatsApp: ukinakili folda yake kutoka Android, picha na sauti utazifungua, lakini kumbukumbu ya mazungumzo imesimbwa. Kompyuta haitaisoma. Mazungumzo yahamishe kwa bakapu ya WhatsApp yenyewe.

Tusisahau laptopu inayoondoka. Kama uliwahi kuhifadhi humo bakapu ya iPhone isiyo na nenosiri, ujumbe wako mfupi wote umo, na anayejua programu za kuufungua atausoma. Bakapu mpya iwekee usimbaji. Faida yake nyingine ni kwamba itabeba hata nywila ulizohifadhi na data za afya, ambazo bakapu ya kawaida haizibebi. Ila ukisahau nenosiri lake, bakapu hiyo haifunguki tena, kwa hiyo liandike mahali salama.

Kumwaga pipa la taka nako hakutoshi. Mara nyingi kinachoondoka ni jina la faili kwenye orodha, huku data zikibaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwenye Windows, rudisha mashine katika hali ya kiwandani na uchague kusafisha diski nzima. Fanya hivyo mwisho kabisa, baada ya kufungua mafaili kadhaa kwenye laptopu mpya na kuona yanafunguka. Mteja anaweza kusubiri siku mbili.