Skrubu ya Hewa katika Pikipiki ya Zamani

Kwa muda wa miezi mitatu pikipiki ya babu yangu ilikaa katika banda la mbuzi, ikimngoja mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Fundi mmoja alikuwa amemwambia kuwa silinda imekwisha, sharti ichongwe na kutiwa pistoni mpya, na bei aliyoitaja ilikuwa karibu sawa na karo yangu ya mwaka mzima. Babu hakuwa na fedha za mambo mawili. Kumbe silinda ilikuwa nzima, na ugonjwa wote ulikuwa katika skrubu moja fupi kuliko kidole changu cha mwisho. Wenzangu wengi hapa shuleni wana pikipiki nyumbani kwao, na ninyi mliotutangulia baadhi yenu bado mnazitunza zile za Kiingereza. Kwa hiyo naona yafaa nieleze jambo hili kwa urefu.

Pikipiki yenyewe ni BSA B31 ya mwaka 1956, iliyoundwa Birmingham, Uingereza. Aina hiyo ilitengenezwa tangu 1945 hata 1959. Ina silinda moja tu, na ukubwa wa injini ni sentimita za ujazo 348. Baba yake babu aliinunua alipokuwa akifanya kazi Mombasa, ikabaki huko kwa ndugu miaka mingi, na mwaka juzi ikaletwa kwetu Kabale juu ya lori. Mombasa ilikuwa ikienda vizuri. Ilipofika kwetu ikaanza kukohoa, kutoa moshi mweusi, na kuzimika kila babu alipofunga mkono wa mafuta.

Kabla ya kugusa skrubu yafaa mtu ajue kazi ya kabureta. Pistoni ikishuka huvuta hewa. Hewa hiyo hupita mahali pembamba ndani ya kabureta, na kwa kuwa inapita kwa kasi huvuta petroli kutoka katika tundu dogo liitwalo jeti. Kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 15 hivi za hewa ili iungue sawasawa. Petroli ikizidi, twasema mchanganyiko ni mzito: moshi huwa mweusi na plagi hujaa masizi. Hewa ikizidi, mchanganyiko ni mwepesi: injini hutema mate kwa nyuma, yaani hupiga mshindo mdogo ndani ya kabureta, nayo hupata joto kali. Huo wepesi ndio wa kuogopwa zaidi, kwa maana masizi hupanguswa kwa kitambaa, lakini pistoni iliyotobolewa na joto hainunuliwi kwa bei rahisi.

Pikipiki ya babu ina kabureta ya Amal, ile iitwayo Monobloc, ambayo BSA walianza kuitumia katika pikipiki zao za mwaka 1955. Ubavuni mwake zimo skrubu mbili. Moja imeinama kidogo, na kazi yake ni kuzuia kile kizibo kinachopanda na kushuka kisifunge kabisa. Hiyo huongeza au kupunguza mwendo wa injini inaponguruma polepole pasipo gia. Ya pili imelala sawa, na hiyo ndiyo ya mchanganyiko. Kizibo kikiwa karibu kufunga, jeti kubwa haitoi kitu. Petroli hutoka katika jeti ndogo na kupita njia nyembamba kama uzi. Skrubu hii ya pili ina ncha, nayo ncha huziba njia ya hewa inayokwenda kuchanganyika na petroli hiyo.

Hapo ndipo fundi wetu alipoteleza. Aliuona moshi mweusi, akajua petroli imezidi, na hilo alilijua vema. Akashika bisibisi akaikaza skrubu mpaka mwisho, akidhani anaifunga petroli. Lakini skrubu ile ni ya hewa! Kwa kuikaza alipunguza hewa, na mchanganyiko ukazidi kuwa mzito. Alipoona haifai ndipo akaihukumu silinda. Simlaumu sana, maana pikipiki anazozitengeneza kila siku nyingi zina skrubu ya namna nyingine, ambayo ukiikaza hupunguza mchanganyiko wenyewe wenye petroli. Basi mtu atazitambuaje? Mara nyingi skrubu iliyo upande wa chujio la hewa, nyuma ya kizibo, ni ya hewa: ikaze upate uzito, ilegeze upate wepesi. Iliyo mbele ya kizibo, upande wa injini, ni ya petroli, na mambo yake ni kinyume. Katika Amal, ambayo skrubu yake iko ubavuni, jicho laweza kudanganyika. Shika tu kwamba ni ya hewa.

Na kwa nini Mombasa haikuwa na shida? Mwalimu wetu wa fizikia ndiye aliyenifumbua macho. Mombasa ni usawa wa bahari, na Kabale ni kama mita 2,000 juu yake. Huku kwetu hewa ni nyembamba. Uzito wake ni karibu sehemu nne kwa tano tu za ile ya pwani. Jeti hazijui kama zimepanda mlima. Huendelea kutoa petroli nyingi kuliko hewa hiyo iwezavyo kuunguza.

Likizo ilipofika nikaomba ruhusa. Babu alicheka, akasema, "Mjukuu wangu, hata ukiiharibu imekwisha kuharibika." Nikaisukuma nje uani, kwa sababu moshi wa injini ndani ya banda waweza kuua mtu. Nikaifungua skrubu na kuipuliza njia yake, na jeti ndogo nayo nikaipuliza kwa pampu ya baiskeli. (Msitie waya katika jeti, hupanua tundu.) Nikairudisha skrubu taratibu mpaka ikagusa, pasipo nguvu, kwa maana ncha yake huumbuka upesi, kisha nikailegeza mzunguko mmoja na nusu. Injini ikawaka kwa teke la tatu. Nikaikaza kidogo kidogo hata mngurumo ukawa mzito na wa kusitasita. Nikailegeza hata ikaanza kutema mate. Nikatafuta mahali katikati ambapo inakwenda upesi na kwa utulivu. Kisha nikaipunguza mwendo kwa skrubu ile nyingine, nikarudia tena ile ya hewa. Zamu tatu hivi zatosha. Usigeuze zaidi ya robo ya mzunguko kwa mara moja, na baada ya kila robo ngoja kidogo, injini haijibu papo hapo.

Nilijisifu mapema. Kesho yake babu aliiendea sokoni, na saa nane mchana nikamwona akirudi akiisukuma kwenye kilima, jasho likimtoka. Injini ilipopata moto ilitema mate na kufa kila alipoondoka. Kosa lilikuwa langu: niliirekebisha ingali baridi, na ule mkono wa hewa utumiwao wakati wa kuwasha nilikuwa sijaufungua wote. Mkono ule ukiwa nusu, mchanganyiko huwa mzito, nami niliuondoa uzito huo kwa skrubu. Babu alipoufungua njiani, wepesi ukapita kiasi. Tangu siku hiyo huiendesha kwanza kilomita kadhaa ndipo nishike bisibisi.

Jambo jingine lililonisumbua ni maungio ya kabureta na injini. Watu huzikaza nati zake kwa nguvu nyingi mpaka uso wa kabureta hupinda, na hewa huingia pembeni. Hapo hata ugeuze skrubu mchana kutwa, haitatulia. Paka oili kidogo kwa brashi kwenye maungio injini ikinguruma; sauti ikibadilika, hewa inaingia hapo.

Tena, skrubu hii hutawala mwanzo tu, mpaka kizibo kinapofunguka kama sehemu moja kwa nane. Katikati hutawala sindano, na mkono ukifunguliwa wote, jeti kubwa. Kwa hiyo moshi mweusi wa kilimani ulibaki mpaka tulipoishusha sindano pengo moja, na jeti kubwa tukaibadili kwa nyingine ya namba ndogo zaidi.

Sasa plagi ikitolewa ina rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Skrubu imesimama kwenye mizunguko miwili kasoro robo, na babu ameandika hesabu hiyo kwa rangi nyeupe chini ya tangi, pamoja na neno KABALE, ili atakayeirudisha pwani siku moja ajue kwamba sharti aanze upya.