BASTOLA NDANI YA KOTI

Mahakama za Marekani zimejaa kesi juu ya swali ambalo mgeni huenda akalicheka: je, raia aweza kutoka nyumbani kwake na bastola iliyofichwa ndani ya koti, akapanda basi na kuingia sokoni, bila kumweleza mtu haja yake? Sisi hatulicheki. Ndani yake limo swali kubwa zaidi, nalo ni nani mwenye mamlaka ya kuamua.

Asili ya ugomvi ni Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yanayotaja mgambo na haki ya watu ya kuwa na silaha. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilitamka kwamba haki hiyo ni ya kila mtu ajilinde nyumbani. Tangu hapo ugomvi ukahamia barabarani. Illinois, jimbo la mwisho lililokataza kabisa silaha za mafichoni, lilishindwa katika rufani mwaka 2012, likalazimika kutunga sheria ya leseni mwaka uliofuata.

Pigo kubwa lakini lilikuwa la New York. Huko, kwa zaidi ya miaka 100, mwombaji wa leseni alitakiwa kuonyesha sababu ya pekee. Kusema kwamba aogopa wezi hakukutosha. Aliyeipima sababu hiyo ni ofisa wa leseni. Tarehe 23 Juni, 2022, majaji 6 dhidi ya 3 waliifuta kanuni hiyo. Jaji Clarence Thomas aliandika kwamba serikali ikitaka kuzuia silaha, sharti ionyeshe kuwa sheria yake yafuata desturi ya taifa tangu kale. Jaji Stephen Breyer, aliyepinga, alianza kwa hesabu ya waliokufa kwa risasi mwaka 2020, pamoja na waliojiua: watu 45,222.

Hesabu hiyo yatosha kumtisha mtu yeyote. Hata hivyo, si haki kuwadhania wote walioifurahia hukumu kuwa ni wapenda damu. Mawakili wanaowatetea maskini wa New York walisimama upande wa walalamikaji, wakisema kwamba wateja wao, wengi wao weusi na wenye asili ya Kihispania, ndio walioshitakiwa kwa kukosa leseni ambayo wasingepewa kamwe. Mwaka 1956, mjini Montgomery, Martin Luther King aliomba leseni ya bastola baada ya nyumba yake kupigwa bomu. Akanyimwa. Mwaka 1967 California ilikataza kubeba hadharani bunduki zenye risasi, baada ya vijana wa Black Panther kuanza kuwafuata polisi wakiwa na silaha; gavana aliyetia sahihi ni Ronald Reagan.

Twaona basi kwamba ofisa mwenye upendeleo ni hatari. Lakini dawa yake ni kanuni zilizo wazi kwa wote. Kumtaka jaji atafute katika vitabu vya karne ya 18 sheria ya treni za chini ya ardhi ni kumpa kazi ya mganga. Mahakama yenyewe ililegeza kamba mwaka 2024: kwa majaji 8 dhidi ya 1, iliacha sheria inayowanyima bunduki watu waliowekewa amri na mahakama kwa kutishia wake au wapenzi wao, ikaeleza kwamba si lazima sheria ya leo iwe na pacha wake wa kale. Aliyepinga ni Jaji Thomas peke yake.

Kumbe vita vimefika hadi kizingitini pa duka. Sheria ya Hawaii ya mwaka 2023 ilimtaka mwenye bastola apate kwanza ruhusa ya mwenye mahali, hata kama mahali hapo pamefunguliwa kwa watu wote. Wapinzani wakajibu kuwa asiyetaka bastola dukani mwake ndiye aseme. Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ilikubali kuisikiliza kesi hiyo: ni nani anayepaswa kutundika kibao mlangoni, anayeikubali bastola au anayeikataa.